Masasisho ya usalama yanayokosekana kwenye kompyuta zisizo na intaneti: ulinganisho wa njia tatu

Kompyuta isiyounganishwa na intaneti haijui kwamba imebaki nyuma. Iliyounganishwa huuliza yenyewe kila siku kama kuna jipya, lakini hii husubiri mtu aje na flashi au diski ya nje, na hupokea anacholetewa bila kuuliza kilichosahaulika. Ndiyo maana malalamiko ya wasimamizi wengi, kwamba wamesakinisha kila kitu na bado ukaguzi unaonyesha mapungufu, hayamalizwi kwa amri moja. Jibu hutegemea njia iliyotumika kubeba masasisho, kwa kuwa kila njia ina mahali pake pa kuyadondosha.

Makala hii inalinganisha njia tatu zinazotumika kwa kompyuta za Windows: kupakua faili moja moja kutoka Microsoft Update Catalog (tovuti ya Microsoft ya kupakulia masasisho), kukagua mashine kwa faili ya wsusscn2.cab (orodha ya masasisho ya usalama), na kuendesha seva mbili za WSUS (programu ya Microsoft ya kugawa masasisho kwa kompyuta za ofisi) ambazo moja ina intaneti na nyingine haina. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, na katika ofisi nyingine inabidi mbili zifanye kazi pamoja.

Atakayeuliza kwa nini mashine isiyofika intaneti isumbuliwe na masasisho akumbuke mwaka 2017. Microsoft ilitoa sasisho la MS17-010 tarehe 14 Machi, na kirusi cha WannaCry, kilichotumia udhaifu ambao sasisho hilo liliziba, kikaanza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Kirusi hicho kilirukia kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao wa ndani, kikipitia huduma ya kushirikiana faili. Kwa hiyo kompyuta mpakato moja iliyoambukizwa ikichomekwa kwenye mtandao wa ndani, ukosefu wa intaneti hauzikingi nyingine.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni kujua nani anatoa orodha ya kinachotakiwa. Ikiwa orodha imetoka kichwani mwa fundi, pengo litakuwa pale fundi aliposahau. Ikiwa imetoka kwenye faili, pengo litakuwa pale faili ilipopitwa na wakati. Ikiwa imetoka kwenye seva, pengo litakuwa kwenye mipangilio ya seva hiyo. Cha pili ni safari ya faili zenyewe, kwa maana orodha sahihi haisaidii kama kifurushi hakikufika au kimefika kikiwa pungufu. Cha tatu ni mahali pengo linapojificha na namna ya kulifichua. Cha nne ni gharama, yaani muda wa mtu, nafasi ya diski, leseni na bando la kupakulia.

Pengo la kweli na pengo la kudhaniwa

Kabla ya kuilaumu njia yoyote, ni lazima kuhakikisha kwamba kweli kuna kinachokosekana. Tangu Windows 10, masasisho ya kila mwezi ni jumuishi: la Septemba limebeba yaliyokuwa ndani ya la Agosti, la Julai na kurudi nyuma. Anayetafuta namba ya sasisho la Machi katika orodha ya amri ya Get-HotFix, inayotaja masasisho yaliyosakinishwa, na asiione hajathibitisha pengo, kwani huenda sasisho la baadaye limeshachukua nafasi yake. Kipimo cha kuaminika zaidi ni namba kamili ya toleo inayoonyeshwa na amri ya winver, ambayo huanza na 19045 kwa Windows 10 toleo 22H2 na 26100 kwa Windows 11 toleo 24H2. Tarakimu zinazofuata nukta ndizo zinazosema mashine imefika mwezi gani, nazo hulinganishwa na orodha ya matoleo inayochapishwa na Microsoft.

Hali ilikuwa tofauti kwa Windows 7 na 8.1. Kuanzia Oktoba 2016 wasimamizi walipewa vifurushi vya aina mbili kila mwezi, kimoja jumuishi na kingine cha usalama pekee, na hiki cha pili hakikubeba ya miezi iliyopita. Aliyechagua cha usalama pekee ili kuokoa nafasi, kisha akaruka mwezi mmoja, alibaki na tundu ambalo vifurushi vya usalama pekee vya miezi iliyofuata havikuliziba.

Kuna pia pengo linalojificha nyuma ya ripoti safi. Toleo la Windows lililomaliza muda wake wa huduma halitolewi masasisho mapya, kwa hiyo chombo cha ukaguzi hakioni cha kudai na hutangaza kwamba mashine imekamilika. Windows 10 toleo 21H2 la Home na Pro liliacha kuhudumiwa Juni 2023, na toleo la mwisho, 22H2, lilifikia kikomo cha kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Masasisho yanayotolewa baada ya hapo ni ya waliojiunga na mpango wa nyongeza (Extended Security Updates), na mashine ambayo haikusajiliwa huyakataa hata kama faili imepakuliwa vizuri. Katika hali hiyo neno “hakuna kinachokosekana” ni onyo.

Njia ya kwanza: Microsoft Update Catalog kwa mkono

Anayetoa orodha. Ni wewe mwenyewe. Unatazama toleo la Windows lililopo, unatafuta sasisho la mwezi husika kwenye katalogi kwa kutumia kompyuta yenye intaneti, na unaamua kipi kinahitajika. Katalogi hutoa faili tu na haijui hali ya mashine yako.

Safari ya faili. Faili ya msu, yaani kifurushi cha sasisho la Windows, hunakiliwa kwenye flashi na kusakinishwa kwa wusa au kwa DISM, ambazo ni amri zilizomo ndani ya Windows. Hapa kuna kikwazo kidogo kinachowakwaza wengi: flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, na masasisho ya Windows 11 yamekuwa yakinenepa mwaka hadi mwaka. Iandaliwe kwa exFAT au NTFS. Kabla ya kuichomeka upande wa pili, saini ya kidijitali ya kila faili ikaguliwe kwa Get-AuthenticodeSignature, kwa maana flashi hiyo hiyo inayoleta dawa inaweza kuleta ugonjwa. Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilisambaa kwa flashi katika mazingira yaliyotengwa na intaneti.

Mahali pengo linapojificha. Njia hii ina mitego mingi kuliko inavyoonekana. Matokeo ya utafutaji huchanganya aina za vichakato (x64, x86 na ARM64), Windows ya kawaida na ya seva, na pia vifurushi ambavyo jina lake lina neno Dynamic, ambavyo vimekusudiwa diski za usakinishaji na si mashine inayofanya kazi. Ukikosea, utapata jibu kwamba sasisho halihusiki na kompyuta hii, au msimbo 0x800f081e. Wapo wanaosoma jibu hilo kana kwamba linasema “tayari limeshasakinishwa” na kwenda zao. Huko ndiko pengo linakozaliwa.

Mtego wa pili ni sehemu ya Windows inayofanya kazi ya kusakinisha masasisho, ambayo nayo husasishwa. Kwa Windows 10 toleo 2004 na yaliyofuata, tangu mwaka 2021 sehemu hiyo huja ndani ya sasisho jumuishi. Windows Server 2016, kwa mfano, hupewa sasisho la sehemu hiyo peke yake na lazima litangulie. Likikosekana hutokea msimbo 0x800f0823. Windows 7 nayo ilidai KB4490628 na KB4474419, zote za mwaka 2019, ili iweze kuzitambua saini za kidijitali za aina mpya, SHA-2. Bila hizo masasisho ya baadaye yalikataliwa kwa msimbo 0x80092004.

Mtego wa tatu ni mpya zaidi. Windows 11 toleo 24H2 ilianzisha masasisho ya vituo (checkpoint), ambapo sasisho la mwezi hujengwa juu ya kituo kilichotangulia, cha kwanza kikiwa KB5043080 cha Septemba 2024. Anayepakua faili ya mwezi huu pekee na kuacha kituo anaweza kukuta mashine inakataa. Suluhisho ni kupakua faili zote ambazo katalogi inaziorodhesha chini ya sasisho hilo, kuziweka pamoja katika folda moja iliyo ndani ya mashine yenyewe, isiyo na msu nyingine, kisha kuielekeza DISM kwenye faili ya mwezi ili ijitafutie kituo.

Hatimaye, .NET Framework, sehemu ya Windows inayotegemewa na programu nyingi, ina sasisho lake la kando kwa matoleo ya Windows 10 kuanzia 1809. Mashine inaweza kuwa na namba ya toleo iliyo sahihi kabisa na bado ikawa na tundu huko.

Gharama na anayefaa. Haina gharama ya leseni wala seva, na bando linalotumika ni la faili chache tu. Inamfaa mwenye kompyuta chache zinazofanana, kwa mfano mashine tatu za kupimia katika maabara, na aliye tayari kuandika daftarini kila kilichosakinishwa na lini. Haimfai mwenye mashine za matoleo mchanganyiko, kwa kuwa kumbukumbu yake itashindwa mapema kuliko anavyodhani.

Njia ya pili: ukaguzi kwa wsusscn2.cab

Anayetoa orodha. Microsoft huchapisha faili iitwayo wsusscn2.cab, yenye saini yake, ambayo imebeba maelezo ya masasisho yanayohusu usalama. Hati fupi ya PowerShell, ambayo mfano wake Microsoft imeuchapisha, huikabidhi faili hiyo kwa Windows Update Agent iliyomo ndani ya mashine, nayo hujibu kwa kutaja yanayotakiwa na hayapo. Uzuri wake ni kwamba uamuzi wa kinachoihusu mashine haufanywi na fundi aliyechoka saa kumi na moja jioni.

Safari ya faili. Faili hiyo ina maelezo tu. Masasisho yenyewe hayamo. Safari kwa hiyo ni mbili: ya kwanza kupeleka faili ya ukaguzi na kurudi na orodha, ya pili kupeleka vifurushi. Kwenye ofisi iliyo mbali, tuseme mwendo wa nusu siku kwa gari, safari hiyo ya pili ni gharama halisi. Programu ya WSUS Offline Update, ambayo ni mradi wa kujitolea na si ya Microsoft, ilitokana na hitaji la kuziunganisha safari hizo: husoma wsusscn2.cab, hupakua kila kinachoweza kuhitajika kwa toleo ulilochagua, na kukiweka kwenye diski moja.

Mahali pengo linapojificha. Tarehe ndiyo mtego mkuu. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na faili ya ukaguzi hubadilishwa kufuatana nayo. Ukikagua leo kwa faili ya miezi mitatu iliyopita utapata ripoti safi kuhusu miezi mitatu iliyopita, wala hakuna kitakachokuonya. Kabla ya kuamini matokeo, fungua sifa za faili na usome tarehe ya saini.

Mpaka wa orodha yenyewe ni jambo la pili. Imebeba yanayohusu usalama. Haina masasisho ya majaribio yanayotoka mwishoni mwa mwezi wala haikusudiwi kukuambia uhamie toleo jipya la Windows. Office inayosakinishwa kwa mtindo wa Click-to-Run, ambao ndio mtindo pekee tangu Office 2019, hairipotiwi humo. Husasishwa kwa Office Deployment Tool, ambayo hupakua faili kwenye folda ya pamoja. Vitambuzi vya virusi vya Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, vina faili yao, mpam-fe.exe. Programu za kampuni nyingine, kuanzia kisoma PDF hadi kivinjari, ziko nje kabisa.

Anayetumia programu ya kujitolea ana tabaka la tatu la kuangalia. Programu hiyo huongeza orodha zake za kujumuisha na za kuondoa juu ya ile ya Microsoft, kwa hiyo sasisho linaweza kuwamo ndani ya wsusscn2.cab na bado lisipakuliwe kwa sababu namba yake imo kwenye orodha ya kuondoa. Ukikuta ukaguzi wa moja kwa moja unadai kitu ambacho diski haina, tafuta namba hiyo ndani ya orodha hizo kabla ya kupakua upya gigabaiti zote. Kumbuka pia kwamba toleo la Windows lililotoka baada ya programu halitatambuliwa mpaka mtu aliongeze.

Gharama na anayefaa. Faili ya ukaguzi pekee ina ukubwa wa mamia ya megabaiti, na kila mashine hutumia muda kuichambua, hasa zenye RAM ndogo. Leseni ya ziada haihitajiki. Inamfaa mwenye mashine nyingi zenye historia isiyojulikana, kama vile kompyuta zilizopokewa kwa msaada, kila moja ikiwa na toleo lake. Inamfaa pia mkaguzi anayetakiwa kuthibitisha hali ya mashine ambazo hakuzisasisha yeye.

Njia ya tatu: seva mbili za WSUS

Anayetoa orodha. Seva ya kwanza, yenye intaneti, huvuta maelezo na faili kutoka Microsoft. Maelezo huhamishwa kwa amri ya wsusutil export, faili hunakiliwa kutoka folda ya WSUSContent, na upande wa pili seva isiyo na intaneti hupokea kwa wsusutil import. Kompyuta za ndani huiuliza seva hiyo kama ambavyo zingeiuliza Microsoft, na msimamizi huona hali ya zote kwenye skrini moja.

Safari ya faili. Ni nzito lakini ina utaratibu. Faili zinakiliwe kwanza na maelezo yaingizwe baadaye. Ukigeuza mpangilio, seva ya ndani hukuta maelezo ya kitu isichonacho na kuonyesha kwamba upakuaji umeshindwa. Amri ya wsusutil reset huilazimisha seva kulinganisha maelezo na faili zilizopo, na mara nyingi hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kutafuta tatizo.

Mahali pengo linapojificha. Seva zote mbili lazima zilingane katika lugha na katika chaguo la faili za express (zinazowezesha mashine kuvuta mabadiliko tu badala ya sasisho zima). Seva ya nje ikiwa imewekwa kupakua faili pale tu sasisho linapoidhinishwa, utahamisha maelezo ya vitu ambavyo faili zake hazikuwahi kushuka. Idhini zenyewe hazisafiri. Sasisho lililoidhinishwa nje huwasili ndani likiwa linasubiri kuidhinishwa tena, na wengi husahau. Bidhaa ambayo haikuwekewa alama kwenye seva ya nje haitaonekana kamwe, na seva itasema kwa uaminifu kabisa kwamba mashine zimekamilika kwa asilimia 100, yaani asilimia 100 ya kile ilichoulizwa.

Kwa Windows 11 toleo 22H2 na kuendelea, seva lazima itambue aina za faili za msu na wim katika mipangilio ya IIS, programu ya seva inayozitumia mashine faili hizo. Zisipotambuliwa, mashine huona sasisho na kushindwa kulivuta.

Pia kuna lile lililonipotezea siku nzima katika maabara ya shule moja. Kompyuta zote zilikuwa zimenakiliwa kutoka picha moja ya diski, nami niliona mashine moja tu kwenye skrini ya WSUS, jina lake likibadilika kila nilipobofya. Zilikuwa zinatumia kitambulisho kimoja cha SusClientId, hivyo kila iliyoripoti ilifuta ripoti ya mwenzake. Dawa ni kusimamisha wuauserv (huduma ya Windows inayoendesha masasisho), kufuta SusClientId na SusClientIdValidation kwenye rejista ya Windows, kuiwasha huduma tena na kuendesha wuauclt /resetauthorization /detectnow. Kwenye maabara zilizoandaliwa kwa kunakili diski, na nyingi huandaliwa hivyo, hili likaguliwe kabla ya lingine lolote.

Gharama na anayefaa. Zinahitajika seva mbili zenye leseni, nafasi ya diski inayoendelea kukua, na mtu anayeijua kazi hiyo hata baada ya aliyeiandaa kuhama. Seva yenyewe pia ni mali ya kulindwa: Oktoba 2025 Microsoft ilitoa sasisho la dharura kwa udhaifu CVE-2025-59287 ndani ya WSUS, kwa hiyo chombo cha kusasishia nacho kisasishwe. Aidha, Microsoft ilitangaza Septemba 2024 kwamba haitaendeleza tena WSUS kwa vipengele vipya, ingawa bado inaihudumia na imo ndani ya Windows Server 2025. Njia hii inazifaa taasisi zenye makumi au mamia ya kompyuta kwenye mtandao mmoja wa ndani, zinazohitaji ripoti ya mara kwa mara.

Kuchagua kulingana na hali

Ukiwa na mashine chache zinazofanana, na unajua toleo lake kwa uhakika, katalogi inakutosha. Hakikisha tu unabeba sasisho jumuishi, la .NET Framework na kituo chake kama kipo, kisha thibitisha kwa winver baada ya kuwasha upya.

Ukirithi kompyuta ambazo hakuna ajuaye zimepitia mikono ya nani, anza na wsusscn2.cab ya mwezi huu hata kama utakuja kutumia njia nyingine baadaye. Usisakinishe chochote kabla ya kupata picha ya hali ilivyo.

Ukiwa na mtandao wa ndani na mashine nyingi, WSUS ya seva mbili itakuokolea miguu. Hata hivyo, kila mwezi chukua mashine mbili tatu uzikague pia kwa wsusscn2.cab. Seva ikisema zimekamilika na faili ikadai kitu, angalia kwanza bidhaa zilizowekewa alama, kisha idhini, kisha folda ya WSUSContent, kwa mpangilio huo.

Ikiwa kinachokuzuia kuunganisha kompyuta ni bei ya bando na si amri ya usalama, seva mbili ni mzigo usio na sababu. Seva moja ya WSUS yenye intaneti, inayopakua usiku na kugawa kwa wengine mchana, inatosha, na hakuna flashi itakayosafiri.

Ikiwa mashine zako bado zina toleo lililokwisha kuhudumiwa, nazo hazimo kwenye mpango wa nyongeza, hakuna kati ya njia hizi tatu itakayokusaidia kwa sasa. Pakua faili ya ISO ya toleo linalohudumiwa, hakikisha vifaa vyako vinalikubali, lisakinishe, halafu urudi kuchagua njia ya kuzisasisha mwezi baada ya mwezi.